Karatasi za babu ziko alikokwenda

Wengi wetu tukitaka kujua historia ya ukoo tunamwendea mzee mmoja na swali moja: "Asili yetu ni wapi?" Mimi nililipeleka swali hilo Ujiji, kwa bibi mzaa mama, nikiwa na daftari jipya na kalamu mbili. Akanijibu kwa utulivu, "Asili yetu hapa hapa," akaendelea kugeuza dagaa wake juani. Mahojiano yakaishia hapo. Mwaka uliofuata nilimuuliza jambo jingine kabisa: babu alikuwa anafanya kazi gani kabla hajaja kukuposa? Siku hiyo alizungumza mpaka adhana ya alasiri. Ndani ya maneno yake mlikuwa na meli, kambi ya mkonge, mke wa kwanza aliyebaki Tanga, na jina la babu ambalo sijawahi kulisikia nyumbani.

Swali la kwanza linadai asili. La pili linadai safari, na kwa ukoo wa Tabora au Kigoma, safari ndiyo inayoacha alama.

Mikoa hii miwili ni mikoa ya njia. Kabla ya Mjerumani, Wanyamwezi walikuwa wakibeba pembe na vitambaa kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, na kijana aliyefika pwani akarudi alihesabiwa kuwa ameshakua. Wengine walielekea upande wa machweo: Msiri na watu wake walitoka Usumbwa wakajenga dola yao Bunkeya, huko Katanga, na kizazi chao, Wayeke, wapo Kongo hadi leo. Watu wa Manyema nao walivuka Ziwa Tanganyika kuja huku. Kisha reli ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na reli hiyo hiyo ndiyo iliyowachukua Waha na Wanyamwezi kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Wakati wa Mwingereza watu waliondolewa kwenye mapori ya mbung'o kwa ajili ya malale, wakawekwa makazi ya pamoja. Baada ya uhuru ikaja Operesheni Kigoma ya 1972 ya kuhamishia watu vijijini, halafu vijiji vya ujamaa nchi nzima. Kwa hiyo kile unachokiita "kijijini kwetu" pengine kina miaka hamsini tu. Mahame yenyewe, matongo kama wasemavyo Wanyamwezi, yako porini, na huko utakuta mwembe na vifusi vya makaburi. Karatasi hutazikuta. Karatasi ziko alikokwenda babu: kwenye mkonge, kwenye reli, bandarini, jeshini, kanisani alikofungia ndoa.

Jua kwanza kwa nini hawakujibu

Mzee akikaa kimya, mara nyingi si kwamba amesahau. Ana sababu, na katika mikoa hii nimekutana na tatu.

Ya kwanza ni shamba na nyumba. Mjukuu anayekuja na daftari kuuliza nani alizaliwa na nani, anafanana sana na mjukuu anayetaka mirathi. Hilo halihitaji maelezo mengi. Sema mapema unachotaka, na usiende msimu ule ambao ukoo una kesi.

Ya pili ni uraia, na hii ni ya Kigoma hasa. Kwa sheria iliyoanza tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja iwapo angalau mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Tanganyika. Maana yake ni kwamba swali "bibi yako alizaliwa wapi" halikuwa soga tu. Lilikuwa swali la ofisi. Ongeza hapo wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 wakawekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambao wengi wao walipewa uraia baada ya karibu miaka arobaini. Ongeza lugha yenyewe: Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mtu aliyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akatakiwa ataje babu zake hatafurahi kuulizwa jambo lile lile na kijana aliyeshika simu inayorekodi. Usirekodi bila kuomba. Na ukiona mtu ametaja mto au kilima bila kutaja nchi, mwache hapo hapo; ameshakuambia vya kutosha.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Ujiji na Tabora vilikuwa vituo vikubwa vya biashara ya watumwa. Tunapenda kudhani kwamba hayo ni mambo ya kale sana, lakini piga hesabu. Mjerumani hakufuta utumwa. Alitoa hati za kuwaacha huru mtu mmoja mmoja, na akatangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria na Mwingereza mwaka 1922. Mtu aliyezaliwa 1900 katika nyumba ya bwana wake angeweza kufika umri wa miaka ishirini na miwili akiwa mtumwa. Mjukuu wake leo ni mzee wa miaka sitini au sabini, ndiye yule unayemwendea na daftari.

Ndiyo maana katika koo nyingi za Ujiji na za Tabora mjini utasikia "sisi ni Wamanyema" na maelezo yanaishia hapo. Jina hilo ni mwavuli. Chini yake wamo Wabwari, Wagoma, Wabembe, Wakusu na wengine wengi. Wapo waliovuka ziwa kwa hiari yao kama wafanyabiashara, askari au wavuvi, na wapo walioletwa. Usimtazame kila Mmanyema kwa jicho la utumwa, itakuwa dhuluma. Ila zijue alama katika mazungumzo: mzee akisema fulani alikuwa "mzalia" wa nyumba fulani, ina maana alizaliwa utumwani humo, akisema wawili walikuwa "wajoli", walitumikia bwana mmoja, "suria" si mke wa kawaida. Na kuna ukoo unaobeba ubini wa tajiri wa Kiarabu bila tone la damu yake, kwa sababu aliyeachwa huru alichukua jina la nyumba iliyomwacha. Ukilifuata jina hilo kwenda Omani utapoteza muda na nauli.

Tumbo moja?

Tukirudi kwenye mazungumzo ya kawaida, mtego mkubwa ni maneno yetu wenyewe ya undugu. "Babu" ni baba wa baba, ni kaka yake, ni binamu yake, na ni mzee yeyote wa mtaa. "Kaka" anaweza kuwa mtoto wa baba mkubwa. Nimewahi kuandika mti mzima wa ukoo upande wa baba, kule Tabora, kisha nikagundua kwamba watu wanne niliowaweka kama ndugu walikuwa na mama wanne na baba watatu. Dawa yake ni swali la siku zote: "Walikuwa tumbo moja?" Likijibiwa, ongeza: "Baba mmoja?" Andika majibu yote mawili.

Wanawake ndio wanaopotea kwanza, kwa sababu ubini hauendi nao. Ndiyo maana mtafute shangazi kabla ya kumtafuta mwenyekiti wa ukoo. Mwenyekiti atakupa orodha ya wanaume iliyonyooka kama reli ya Kaliua. Shangazi atakuambia nani alikuwa mke mdogo, nani alilelewa tu, na nani mahari yake haikulipwa. Hili la mwisho lina uzito Unyamwezini, kwani kimila, mahari isipotolewa watoto walihesabiwa upande wa mama. Hapo ndipo mtu anapobeba jina la babu mzaa mama, na wajukuu wanalichukulia kuwa la baba.

Na msibani, kaa karibu na watani. Mtani ana ruhusa ya kutamka yale ambayo ndugu wameyafunika. Nimejifunza jina la bibi mkuu mmoja kwa mtani aliyekuwa akimsuta marehemu mbele ya jeneza.

Jina lina habari

Utaratibu wetu wa majina matatu ni zawadi. Cheti kimoja chenye jina lako, la baba na la babu kinabeba vizazi vitatu. Ukipata cheti cha babu mwenyewe, chenye jina la baba yake na babu yake, umefika vizazi vitano kwa karatasi mbili. Kiswahili kina majina ya kushuka chini pia, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, na inafaa kuyatumia unapoandika ili usichanganye nani yuko ngazi ipi.

Majina ya kienyeji yanasema hata zaidi. Kwa Wanyamwezi, kama kwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni aliyewafuata, Kashindye alitanguliza miguu, Mbula alikuja na mvua na Nzala alizaliwa wakati wa njaa. Kwa Waha, Bukuru ni pacha wa kwanza na Butoyi wa pili, na Chiza ndiye anayefuata mapacha. Ukimkuta Shija katika ukoo na huna mapacha mbele yake, kuna watoto wawili hawajatajwa, pengine walikufa wachanga. Uliza kwa upole.

Tahajia nayo ina hila zake. Mjerumani aliandika Udjidji, na Juma wake ni Dschuma. Mmisionari wa Kifaransa aliandika Ounyanyembé. Wabelgiji walioingia Kigoma mwaka 1916 walikaa mpaka 1921, kwa hiyo kwa miaka hiyo mitano jina la babu wa Kigoma laweza kuwa limeandikwa kwa sikio la Kifaransa, "ou" badala ya "u". Kinyamwezi nacho hakina mazoea na "r", ndiyo maana Rafaeli anakuwa Lafaeli, na karani mwangalifu anamrudisha kuwa Rafaeli, na karani mwangalifu kupita kiasi anamgeuza Luhende kuwa Ruhende. Tafuta kwa tahajia nne au tano kabla ya kusema hayumo.

Miaka isiyo na kalenda

Tarehe za wazee katika vitambulisho mara nyingi ni za kukadiria. Ukiona 1 Januari au 1 Julai zimejaa ukoo mzima, ujue ni karani aliyezaa siku hiyo. Uliza kwa matukio. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua ndani ya boma lake Januari 1893, Wajerumani walipolivamia. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916. Mwaka huo huo Wajerumani waliozingirwa walitengeneza sarafu zao Tabora, ikiwemo ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo (ukiikuta kwenye sanduku la bibi, makala haya yaweke pembeni kwanza). Meli ya Wajerumani iliyozamishwa 1916 ilirudi ziwani 1927 kwa jina la Liemba. Ukisikia mzee alikuwa baharia wa Liemba, huwezi kurudi nyuma zaidi ya hapo. Utemi wa Wanyamwezi na uami wa Waha ulifutwa 1963. Mwanamke atakayekuambia mtoto wake wa kwanza alikuwa anatambaa "mwaka wa kuhamia vijijini" amekupa tarehe nzuri kuliko cheti.

Hesabu hiyo hiyo inavunja ngano. Urambo nzima, kama ungewaamini watu wote, ni wajukuu wa Mirambo. Mirambo alikufa mwaka 1884. Baba wa 1955, babu wa 1925, baba wa babu wa 1895: umeshahesabu vizazi vitatu na bado umemkosa kwa miaka kumi na moja. Anayesema ni mjukuu wake huenda hadanganyi. Wazee hukunja vizazi, wakayaacha majina ya kati yasiyo na sifa, wakaruka hadi kwa mtemi. Kazi yako ni kuyatafuta yale ya kati.

Sasa karatasi

Usianze na ofisi ya vizazi na vifo. Sheria ya usajili ilianza miaka ya 1920, lakini kwa Mwafrika haikuwa lazima mpaka baada ya uhuru, na hata hapo ilikwenda wilaya kwa wilaya. RITA, wakala wa serikali wa usajili huo, itakusaidia kwa baba yako. Kwa baba wa babu, hapana. Sensa pia usihangaike nayo. Inatoa idadi, haitoi majina ya wazee wako.

Vitabu vya parokia ndivyo mgodi. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walifika Ujiji mwaka 1879, wakaenea Tabora na Uha, na vitabu vyao vya ubatizo viliandikwa kwa Kilatini karibu mpaka miaka ya 1960. Usiogope, maneno ni yale yale kila ukurasa. "Filius" ni mwana wa, "filia" ni binti wa, "patrinus" na "matrina" ni wasimamizi, "circa" maana yake mwaka umekadiriwa. Aloysius ni Aloisi, Ludovicus ni Ludoviko. Lakini kilicho cha thamani kuliko vyote kiko pembeni. Sheria ya Kanisa inataka mtu akifunga ndoa popote, habari irudishwe parokia alikobatizwa iandikwe ubavuni mwa jina lake. Kwa hiyo kijana aliyebatizwa Uha akaenda kuoa kambini Tanga, ndoa yake inaonekana katika kitabu kilichobaki Uha. Nenda na barua ya jumuiya au ya parokia yako, mweleze paroko, na usiombe kupiga picha kurasa nzima. Humo mna siri za watu wengine. Kwa Wamoravian wa Urambo na Sikonge, kazi ilianzwa Urambo na wamisionari wa London mwaka 1879, ikakabidhiwa kwa Wamoravian 1898, na nyaraka zao nyingi ziko Herrnhut, Ujerumani.

Kwa Waislamu njia ni nyembamba zaidi. Ndoa na talaka zilipita kwa makadhi na maliwali, na kilichobaki mara nyingi kiko ndani ya familia za mashekhe, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu ingawa lugha ni Kiswahili. Tafuta anayesoma kabla hujakitupa kwa kudhani ni dua.

Faili la mirathi watu hulisahau kabisa. Mzee akifa, mahakama ya mwanzo hupokea muhtasari wa kikao cha ukoo, majina ya warithi na uhusiano wao, na pingamizi kama zipo. Pingamizi ndizo tamu. Hapo ndipo mtoto wa nje anajitokeza na mashahidi wake, na ukoo mzima unaandikwa kwa hasira na kwa undani ambao hakuna mzee angekupa sebuleni.

Kwa aliyefanya kazi reli au bandari, fungua masanduku ya nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake walidai mafao kwa miaka mingi, na ili kudai walilazimika kutunza kila barua. Wa mkonge wameacha kidogo: kipande cha kazi, labda, na namba iliyowapa jina la manamba. Kuanzia 1944 walioandikishwa na wenye mashamba walipitia shirika lao, SILABU, na ubini mwingi ulibadilika pale dirishani, karani akiandika alichosikia.

Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zinafaa zaidi kama ukoo wako uligusa utawala: mtemi, mwami, mtwale, mwanangwa, karani, askari, au mtu aliyeshitaki. Omba vile vitabu vya wilaya vya Mwingereza, ambamo mabwana shauri waliandika nasaba za watawala kama walivyosimuliwa. Visome kwa tahadhari, maana aliyesimulia alikuwa na kiti cha kutetea. Mkusanyo wa Hans Cory katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam una habari za aina hiyo kuhusu Wanyamwezi na Waha. Mafaili ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Berlin, na mengi sasa yanasomeka kwa intaneti, bila viza.

Kipimo cha mate cha vinasaba nakiweka mwisho kwa makusudi. Kinaweza kukukutanisha na binamu wa kweli aliyepimwa. Kukuambia wewe ni Muha asilimia fulani, hakiwezi. Sampuli za watu wa huku ni chache mno.

Babu yangu wa Ujiji tulimjua kwa jina la Ramadhani, na watu wa rika lake walimwita Toyi. Tulidhani ni utani wa baharia. Jina alilonitajia bibi siku ile aliyozungumza mpaka alasiri lilikuwa Ludoviko. Nilikwenda parokia moja ya Kasulu, huko Uha, na majina mawili, Ludoviko na Toyi, na katibu, mama mtaratibu mwenye miwani ya kamba, alifungua vitabu vitatu kabla hatujampata: Ludovicus Butoyi, mwaka wa kuzaliwa "circa 1928". Pembeni, kwa wino mwingine, kuna ndoa ya Tanga, jina la mke na la parokia.

Mama katibu alikuwa ameshaanza kufunga kitabu. Nikamwomba anisomee mstari wa juu yake. Siku ile ile, baba yule yule, mama yule yule: Petrus Bukuru. Pembeni mwake hamna kitu, si ndoa wala msalaba wa kifo. Nilimpigia bibi simu nikiwa bado kwenye ngazi za kanisa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.

Barua ya Tanga nimeshaituma.